Kidole cha Mkono wa Kushoto

Koti la baba lilifika nyumbani kabla ya habari zake. Lililetwa na mtu wa kilima cha jirani, ambaye miaka mitano nyuma aliondoka pamoja na baba kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba huko Katanga. Alikuja asubuhi, mimi na mama tukiwa tumekaa mbele ya nyumba tunamenya viazi, na dada yangu mdogo akicheza na maganda. Alikuwa amelibeba koti begani, limekunjwa vizuri kama kitambaa cha altare. Nililitambua mara moja kwa kiraka cha kiwiko, ambacho mama alikishona kwa uzi mwekundu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha.

Mama aliweka kisu chini. Akamwongoza yule mtu nyuma ya nyumba, penye shamba la mtama, wakazungumza huko kwa muda mrefu. Sikusikia neno hata moja. Niliona tu, katikati ya mabua, kwamba yule mtu alikuwa anatazama miguu yake kila aliposema. Halafu akaondoka kwa njia ya juu bila kutuaga, na kwetu Masisi mtu hatoki hivyo kwenye nyumba ya watu. Mama akarudi peke yake, koti mikononi.

"Baba yenu amekufa," akasema. "Balimuzika kule kule."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nakumbuka kwamba sikulia. Niliendelea kumenya kiazi nilichokishika mpaka kikabaki kidogo kama yai la njiwa, na mama hakunikemea kwa kuharibu chakula. Ni hapo nilipojua kwamba jambo ni la kweli.

Watu walikuja, wakakaa matanga. Mama alinyoa nywele zote. Baba zangu wadogo wawili walikaa upande wa wanaume, wakinywa pombe ya mtama na kusifu moyo wa ndugu yao. Jambo moja lilinitatiza wakati ule, ingawa nililisahau upesi: mama hakwenda misheni kuomba misa ya marehemu. Katekista alipomuuliza, alijibu kwamba Mungu anamjua mtu wake, hana haja ya kukumbushwa.

Nywele zake zilikuwa zimeota kidogo tu wakati mmoja wa wale baba wadogo alipoanza kuja kukaa mlangoni jioni. Desturi ilimruhusu kumchukua mke wa ndugu yake. Mama alimwambia asubiri mavuno ya maharagwe. Maharagwe yalipokomaa, aliyavuna, akayauza yote njiani, akatuteremsha kwa miguu mpaka Sake, na kutoka Sake mpaka Goma. Tulitembea siku mbili. Dada yangu alibebwa mgongoni, naye alikuwa na miaka mitano, miguu yake inaning'inia mpaka magotini pa mama.

Goma ya wakati ule haikuwa kubwa. Kando ya ziwa zilikuwa nyumba za wazungu zenye maua, na nyuma yake, kwenye mawe meusi yaliyotapikwa na mlima, ndipo tulipokaa sisi. Tulipata chumba kimoja ndani ya uwanja wa watu wengi. Mama alipata kazi ya kuvunja mawe. Wanawake walikaa mstari mmoja, kila mmoja na nyundo yake na kitambaa usoni, wakivunja yale mawe meusi yawe kokoto za kujengea. Jioni alikuwa anatoa vipande vidogo kwenye ngozi ya mikono kwa sindano, na mimi nilimshikia taa.

Nilipofika miaka kumi na minne nilikwenda bandarini kubeba magunia ya vitunguu na viazi yanayopanda mashua za Bukavu. Nilivaa koti la baba. Lilinifika magotini na watu wa bandari walinicheka, lakini lilinilinda mabega. Kuna siku tulizokula maganda ambayo mpishi mmoja, jirani yetu, alikuwa anatuletea kutoka jikoni kwa bwana wake. Mama aliyaosha mara tatu, akayachemsha na chumvi. Siku moja dada yangu aliuliza kwa nini sisi tunakula nje ya kiazi na wazungu wanakula ndani. Mpishi alisikia. Kesho yake alileta viazi vizima, amevificha ndani ya kofia.

Huyo mpishi ndiye aliyekuwa na gitare. Alikuwa mtu wa Maniema, bila mke, mwenye maneno machache. Gitare lake lilikuwa na nyuzi nne badala ya sita, na kila Jumapili baada ya misa alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akapiga rumba. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye nikitazama vidole vyake. Mwishowe aliniwekea gitare magotini. Alinifundisha kitu kimoja tu, akakirudia miezi mitatu: kidole gumba kinatembea, kidole cha shahada kinasema, na kimoja kisimngojee mwenzake.

Shida yangu ilikuwa kwamba sikujua nyimbo za mji. Nilijua nyimbo za ng'ombe tu, zile ambazo baba aliziimba akirudisha mifugo ya watu zizini, maana sisi wenyewe hatukuwa na hata ndama. Kuna namna ya kumwita ng'ombe aliyebaki nyuma: sauti inapanda, inakatika, inangoja, halafu inapanda tena. Nilianza kuipiga ile kwa gitare. Uwanja mzima ulicheka. Wakasema ng'ombe zimeingia Goma. Mpishi peke yake hakucheka. Aliniambia niachie wengine rumba, wako wengi.

Wimbo wa baba ulinijia bandarini, nikiwa na gunia mabegani. Haukuja wote. Ulikuja mstari mmoja leo, mwingine baada ya wiki. Nilimwita baba kama anavyoitwa yule ng'ombe aliyebaki nyuma. Nilitaja jina lake la utani, ambalo kilima kizima kililijua. Nilitaja koti lenye uzi mwekundu, na kidole chake cha mwisho alichokikata kwa panga kabla sijazaliwa.

*Wewe wa kidole pungufu mkono wa kuume,*
*zizi limefungwa, wenzako wote wamelala,*
*udongo wa Katanga, mbona hukuniuliza?*

Niliuimba kwenye ndoa, nikauimba kwenye sherehe za komunyo ya kwanza. Watu walinipa maharagwe, mara moja kuku. Sikuona ajabu yoyote hapo. Kila mtu anayeimba vizuri hupewa kuku.

Halafu akapita muzungu mmoja mwenye kamyoneti, gari dogo la mizigo, ambaye alizunguka nchi akikamata sauti za watu kwenye mashine. Mpishi alinisukuma kwenda. Tulikusanywa ndani ya darasa moja, madirisha yamefunikwa blanketi, waimbaji zaidi ya kumi. Zamu yangu ilipofika, yule muzungu alinisimamisha mara mbili kwa sababu ya kuku aliyekuwa analia nje. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kama naweza kuacha Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwetu, na kuimba Kiswahili, ili wimbo ununuliwe mpaka Katanga. Nilisimama pale nikayageuza maneno palepale, jasho linanitoka, nikauimba.

Akarudisha mashine nyuma, akanisikilizisha.

Nilijiuma ulimi. Sauti iliyotoka mle haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba, vilevile alivyoita kutoka ng'ambo ya bonde. Niligeuka kutazama mlangoni. Wenzangu walidhani naogopa mashine, wakacheka, na mimi nilicheka nao.

Miezi ikapita. Nilirudia magunia yangu. Siku moja, nikipita na mzigo karibu na soko, nilikuta watu wamejazana mbele ya duka moja. Mwenye duka alikuwa ameweka gramafoni dirishani. Nilisikia gitare kabla ya sauti, na kidole gumba changu kikaanza kutembea chenyewe juu ya gunia. Nikasema kwa mtu wa karibu kwamba huyu ni mimi. Alinitazama kutoka kwenye miguu isiyo na viatu mpaka kichwani, akawaambia wengine. Walicheka vizuri. Mama mmoja akasema basi niimbe. Niliweka gunia chini nikaimba juu ya sauti yangu mwenyewe, neno kwa neno, na kicheko kikafa. Walirudi nyuma kidogo kidogo, kama watu wanaompisha mgonjwa. Yule mama alinishika shavu kwa mkono wenye unga wa muhogo akaanza kulia.

Tangu siku ile maisha yetu yaligeuka kwa mwendo ambao hata sasa siuelewi. Nililetewa kamyo ya kunipeleka Rutshuru. Nikaitwa Kiwanja, nikaitwa Bunagana, watu wakavuka kutoka Uganda kunisikiliza. Santuri ilifika Bukavu, Kisangani, Usumbura. Nilinunua viatu, nikashindwa kutembea navyo. Mama aliacha nyundo. Tulihamia nyumba ya vyumba viwili yenye bati juu, na dada yangu akaingia shule ya masista. Watoto barabarani hawakuniita jina langu, waliniita kwa mstari wa kwanza wa wimbo. Na kila mahali wanawake walikuja baada ya ngoma, wananishika mkono, wananiambia nimemwimba mtu wao, aliyekwenda asirudi.

Mama peke yake hakuwahi kuusikiliza. Jirani akiuweka kwenye gramafoni, yeye alichukua ndoo kwenda kuchota maji, hata pipa likiwa limejaa. Nilisema moyoni kwamba kidonda chake bado kibichi.

Basi ilikuwa mchana, siku ya kazi, jua kali. Nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba nabadilisha uzi wa gitare. Akaja mzee mmoja mwembamba, kofia kichwani, sanduku la mbao mkono wa kuume, mkono mwingine mfukoni. Alibisha ingawa mlango ulikuwa wazi na mimi nipo mbele yake.

"Hapa njo kwa ule mutu wa gitare?"

Nilimwambia ni hapa, nikamkaribisha. Watu wa namna hiyo walikuja mara nyingi, wengine kutoka mbali. Dada yangu alitoa kiti na maji. Yule mzee alikunywa bila kuvua kofia, akakohoa sana, akasema anaomba nimwimbie wimbo mmoja tu, ule wa baba. Nikaufunga uzi, nikaimba.

Alisikiliza akitazama chini. Nilipofika kwenye mstari wa kidole, aliinua kichwa, kisha akakishusha tena. Nilimaliza. Dada yangu akatoka mlangoni kuona kuna nini.

"Iko muzuri," yule mzee akasema. "Lakini kuna kosa."

Nilimuuliza kosa gani, nikitabasamu, kwa maana kila kijiji kina mzee anayesahihisha nyimbo.

Alitoa mkono mfukoni, akauweka juu ya goti. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

"Haikukuwa mukono wa kuume," akasema. "Ilikuwa huu wa kushoto."

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutazama miguu yake kama inakanyaga chini. Ilikuwa inakanyaga. Viatu vilikuwa na vumbi. Nikawa nafikiria jambo dogo, la kipumbavu: kwamba nilikuwa namtazama daima uso kwa uso, mimi mtoto chini na yeye juu, na mkono wake wa kushoto ulikuwa upande wa mkono wangu wa kuume. Ndiyo maana nilikosea.

Dada yangu ndiye aliyeuliza. Alimwambia kwa heshima, "Papa, weye uko nani?"

Alimtazama muda mrefu. "Wewe njo ule nilimuacha ndani ya tumbo."

Dada yangu aliokota kikombe, akakifuta kwa kanga, akakifuta tena. "Kumbe nimekuwa yatima bure," akasema. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Tulikuwa bado tumekaa, mimi na yule mtu, mama alipotoka sokoni. Aliingia na kikapu kichwani. Nilijaribu kuinuka nimzuie, nimtayarishe, nilidhani ataanguka. Hakuanguka. Alimwona, akasimama, akashusha kikapu taratibu bila kumwaga hata harage moja. Hakushtuka, na kutoshtuka kwake ndiko kulikonivunja, kuliko kumkuta marehemu amekaa kwenye kiti chetu.

"Umezeeka," akamwambia.

"Na wewe uliniua," baba akasema.

"Ulijiua mwenyewe. Ni wewe ulituma koti."

Aliyasimulia yote akiwa amesimama, hakutaka kiti. Yule mtu aliyeleta koti alikuwa ameleta pia neno: baba alimtuma aseme wasimngojee, ana nyumba nyingine huko, na koti liwe la mtoto. Penye mtama mama alimwapisha yule mtu anyamaze, naye kwa aibu akanyamaza, akahama kilima. Kisha mama alirudi kwetu na akamfisha mume wake kwa sentensi moja.

Nilimuuliza kwa nini. Nadhani nilipiga kelele, maana majirani walitokeza.

"Kama ningesema ameniacha, bandugu zake bangenirudisha kwetu mikono mitupu, na nyinyi mungebaki kule," akasema. "Mujane banamuachia batoto yake. Sikukuwa na njia ingine. Misa tu sikuomba, kwa sababu Mungu sikuweza kumudanganya."

Niliondoka. Nilikwenda kukaa bandarini juu ya mawe, mahali nilipozoea kupumzikia zamani, na wabebaji waliokuwa wananijua walinisalimu kwa mstari wa wimbo wangu. Kila aliyesalimu alikuwa kama anapiga kofi. Niliwafikiria wanawake wote walionishika mkono. Niliwafikiria mpishi wa Maniema, muzungu na blanketi zake, yule mama wa unga wa muhogo. Nilikuwa nimewaliza watu wa nchi nzima kwa kifo ambacho hakikutokea, na viatu nilivyovaa vilitoka humo. Kwa baba sikuwa na hasira bado, nilikuwa simjui. Hasira yote ilikuwa kwa mama, na iliniogopesha, kwa sababu mikono yake ile ile niliishikia taa akitoa vipande vya mawe.

Baba alikaa siku tisa. Alilala chumba changu, mimi nikalala kwa mpishi. Alitusimulia kidogo kidogo, kati ya kikohozi na kikohozi, jinsi santuri ilivyomkuta. Ilipigwa kwenye kantini ya kambi ya wafanyakazi siku ya mshahara. Alikuwa na chupa mkononi. Alisikia jina lake la utani, akasikia koti, akasikia kidole. Watu wa meza yake walimtazama mkono. Tangu siku ile kambi nzima ilimwita Marehemu. Kapita, msimamizi wao, akiita majina asubuhi, wenzake walijibu kwamba huyo alizikwa zamani. Na mwanamke aliyeishi naye huko, ambaye baba alikuwa amemwambia hana mtoto popote, alimwambia hatampikia tena mpaka aende kujionyesha kwa watoto wake.

"Ni yeye njo alinituma," akasema. "Mimi peke yangu singekuja."

Ilinishangaza kwamba alilisema wazi hivyo. Mama alikuwa anachambua mchele, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei ya haki.

Aliniomba jambo moja: nisiuimbe tena. Nilimjibu kwamba ndio unaotulisha. Alisema anajua, na kwamba hata hivyo anaomba.

Habari ikatembea mjini upesi kuliko santuri yenyewe. Watu walikuja kumtazama baba kama wanavyotazama ng'ombe sokoni, wengine walimgusa. Mjane mmoja, muuza samaki, alikuja akasimama mbele yangu akaniambia nimemwibia machozi yake, na kwamba yeye wake amekufa kweli. Mwenye bare mmoja, muuza pombe, alifurahi sana, akapendekeza baba aketi kando yangu kwenye kiti kizuri nikiwa naimba. Nilimtoa nje kwa kumshika shati.

Siku ya kumi nilimbebea sanduku mpaka kwenye mashua ya Bukavu. Yeye alishika ukingo wa ngazi kwa ule mkono wa vidole vinne.

"Kama utaimba tu," akasema, "tengeneza mukono."

Akapanda. Hatukuonana tena. Alikufa kabla ya uhuru, kwa kifua, na yule mwanamke wa Katanga ndiye aliyetuandikia barua, kwa adabu nyingi.

Kesho ya siku ile ya mashua nilikuwa na ahadi ya kuimba Kiwanja. Sikutaka kwenda. Mama aliniwekea gitare mlangoni pamoja na kitambaa chenye viazi vya kuchoma. Tulikuwa hatujasemezana tangu mchana ule. Aliniambia kwamba watu wamekwisha kukusanyika na kamyo imekuja, na kwamba hasira naweza kwenda nayo, haina uzito. Nilichukua gitare nikapanda kamyo.

Kiwanja walikuwa wamejua yote. Niliona kwenye nyuso zao nilipokaa. Niliimba nyimbo za ndoa, niliimba za mavuno, watu walipiga makofi ya adabu. Hakuna aliyeomba ule wimbo, na hakuna aliyeondoka. Nikaanza kufunga gitare ndani ya kitambaa. Hapo akainuka mama mmoja wa makamo, jembe bado mkononi, akaja mpaka mbele yangu. Nilijua amekuja kunitukana. Nilikuwa tayari.

"Wako alirudi kwa sababu ya wimbo?" akauliza.

Nilisema ndiyo.

"Basi taja na wangu."

Sikuelewa. Alinieleza kama anavyoelezwa mtoto. Mume wake alikwenda Katanga miaka minane nyuma. Hajui kama yuko chini ya udongo au juu yake. Akaniambia jina lake, na kwamba ana kovu la moto nyuma ya sikio, na kwamba anapenda kupiga mluzi akivaa viatu. Kama santuri zinafika kule, na sauti inafika, basi iende na jina lake.

Nililia mbele ya watu, jambo ambalo sikulifanya siku ya koti. Kisha nikafungua gitare. Nilimwimba yule mtu wa kovu, nikimwita kama ng'ombe aliyebaki nyuma, na nilipoacha sauti ikatike na kungoja, uwanja mzima ulikuwa kimya kama kwamba atajibu. Nilipomaliza, wanawake wengine walikuwa wamesimama. Walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na jina na alama: jino la mbele, kigugumizi, mguu mmoja mfupi. Nilijaribu kuyashika yote. Niliimba mpaka kidole gumba kikatoa damu.

Niliporudi Goma nilimsimulia mama. Alisikiliza akiwa anakoroga ugali, hakugeuka. Aliuliza walikuwa wangapi. Nilimwambia sikuweza kuhesabu. Alinipakulia, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza kula, na kuanzia siku hiyo tukaanza tena kusemezana, juu ya bati linalovuja na ada ya shule ya dada, kama zamani.

Ndivyo nilivyoimba miaka iliyofuata, na ndivyo jina langu lilivyofika mbali kuliko lilivyofika mwanzo. Yule muzungu alirudi akakamata wimbo upya, majina kumi na moja ndani yake. Najua wanaume watatu waliorudi. Mmoja alinibeba mabegani sokoni. Mwingine alikuta mke ameolewa, akanitafuta kunipiga, tukaishia kunywa pamoja.

Mara ya mwisho niliyoimba Bunagana kabla ya uhuru, palikuwa na umati, karibu na mahali pa forodha, na nilikuwa nachukua majina kama kawaida. Mwanamke mmoja kijana, mtoto mgongoni, alipenya mpaka mbele. Nilimuuliza wake anaitwa nani. Alinitajia jina, kisha akaniinamia sikioni.

"Nimekuambia ili ulijue," akasema. "Wangu usimutaje. Sitaki arudi."

Waliokuwa karibu walisikia, wakacheka. Yeye hakucheka. Alibaki amesimama palepale mpaka wimbo ukaisha, akinitazama mdomo, na mimi nililipita lile jina.